Sadaka Hailipi Deni la Ujira

Msomaji anauliza: "Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Kazi yangu ni kuandaa malipo katika kampuni inayoajiri vibarua wengi. Mara kwa mara fedha zao hucheleweshwa wiki mbili au tatu, si kwa sababu hazipo, bali kwa sababu wakubwa huzitumia kwanza kwa mambo mengine, na wakati mwingine ninaagizwa nipunguze saa za ziada zilizoandikwa. Mimi ni mwamini. Natoa fungu la kumi, nafunga na kuomba, na vibarua wakikwama huwapa kidogo kutoka mfukoni mwangu. Lakini siku hizi moyo wangu hautulii. Je, huruma hii inatosha, au imani yangu inanidai zaidi? Na kama inadai zaidi, nifanye nini bila kuipoteza kazi ambayo familia yangu inaitegemea? Mshahara wangu ukichelewa, hata dada anayetusaidia nyumbani hungoja."

Amina, ndugu yangu. Nitatanguliza jibu fupi, kisha nilieleze: huruma yako ni ya kweli na usiiache, lakini haiwezi kukaa mahali pa haki, kwa sababu kile unachowapa vibarua ni zawadi, na kile wanachoidai kampuni ni mali yao. Zawadi ya mtu mmoja haifuti deni la mwingine, hasa pale ambapo zawadi ni ndogo na deni linaongezeka kila mwezi. Moyo wako umekwisha kulitambua jambo hilo, ndiyo maana hautulii, nami sitafanya haraka kuutuliza.

Neno letu "sadaka" limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake una undugu na mzizi wa Kiebrania uliozaa neno "tsedaka". Manabii wa Israeli walilitumia neno hilo kwa maana ya haki na unyofu, na ni baadaye ndipo Wayahudi walipoanza kuliita kwa jina hilo hilo tendo la kumpa maskini. Kwa watu hao, kumshibisha mwenye njaa hakukuwa ukarimu wa ziada unaostahili pongezi, bali ilikuwa sehemu ya kurudisha mambo mahali pake. Gregory Mkuu, aliyekuwa askofu wa Roma kuanzia 590 hadi 604, aliwafundisha wachungaji kwamba tunapowapa wahitaji mahitaji yao tunawarudishia kilicho chao, na kwamba huko ni kulipa deni la haki kuliko kutenda tendo la rehema. Ikiwa hata sadaka ya kawaida inaweza kusemwa hivyo, basi ujira ambao mtu ameutolea jasho hauwezi kuhesabiwa kuwa fadhili.

Torati haikuacha jambo hili katika maneno ya jumla. Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi, na Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza alipwe siku iyo hiyo, kabla jua halijachwa. Ninakuomba uone kinachokatazwa hapo. Hakuna aliyesema kwamba mwajiri amekusudia kumnyima mtu fedha zake. Pengine kesho angelipa kila senti. Kosa linalotajwa ni kuchelewesha, na sababu inatolewa papo hapo: mtu huyo ni maskini, na moyo wake umeutumainia ujira huo. Mwenye akiba anaweza kungoja wiki tatu akaudhika tu. Asiye na akiba hawezi kungoja, kwa hiyo atakopa kwa riba, au atauza kitu chake kwa hasara, au atamwacha mgonjwa bila dawa, na hasara hiyo haitarudishwa hata malipo yakitoka yote kamili. Kampuni inayokaa na ujira wa watu kwa wiki tatu ili iendeshe mambo yake imejichukulia mkopo kwa watu walio maskini kuliko yenyewe, bila kuwaomba na bila kuwalipa riba. Sijui kwa nini tumezoea kuuita mkopo huo "ucheleweshaji mdogo".

Nabii Yeremia alimwambia mfalme Yehoyakimu maneno makali kuhusu jambo la namna hii hii. Mfalme huyo alijijengea jumba lenye vyumba vipana na madirisha, likafunikwa kwa mierezi, huku akimtumikisha mwenzake pasipo ujira. Nabii akamkumbusha baba yake, Yosia, ambaye alikula na kunywa kama watu wengine lakini akatetea haki ya maskini na mhitaji. Kisha likafuata swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo zito kuliko yote katika sura ya 22 ya kitabu hicho: je, huko siko kumjua Mungu? Hakusema kwamba haki ni tunda zuri linalofuata baada ya kumjua Mungu, wala kwamba ni ushahidi wake kwa watu wa nje. Alisema kwamba kutetea haki ya mnyonge ndiko kumjua. Isaya 58 inaligusa jambo lilo hilo kwa upande wa kufunga: watu wanalalamika kwamba wamefunga na Mungu hakuona, naye anawajibu kwamba siku ile ile ya kufunga kwao wanawalemea watenda kazi wao. Sikuelekezei sura hiyo ili uache kufunga. Yesu naye, katika Mathayo 23:23, hakuwaambia Mafarisayo waache kutoa zaka za mnanaa na bizari na jira. Aliwaambia kwamba walipaswa kuyafanya hayo bila kuacha mambo makuu zaidi, yaani haki, rehema na imani.

Huenda ukajiuliza, kama wengi wanavyoniuliza darasani, kama hapa hatuanzi kuununua wokovu kwa matendo. Hapana. Waefeso 2 inasema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, na katika pumzi hiyo hiyo inasema tumeumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Sura mbili mbele yake, mwizi aliyeamini anaambiwa asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Angalia mfuatano huo: kwanza dhuluma ikome, ndipo kugawa kufuate. Mwizi anayeendelea kuiba huku akigawa sehemu ya alichoiba hana nafasi katika aya hiyo.

Mfuatano huo unaonekana pia nyumbani kwa Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru aliyekuwa tajiri. Wahubiri wengi huunganisha ahadi zake mbili kana kwamba ni moja, lakini Luka 19:8 inazitenganisha. Nusu ya mali yake aliwapa maskini; hiyo ni rehema, na haikumhusu mtu fulani aliyemdai. Kisha akasema kwamba ikiwa amemnyang'anya mtu kitu kwa hila, atamrudishia mara nne. Hiyo ni haki, nayo ina jina la mtu na kiasi kinachojulikana. Torati ilimtaka mtu anayetubu kwa hiari arudishe alichochukua pamoja na sehemu ya tano juu yake, na malipo ya mara nne yalikuwa ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumwuza. Zakayo alijihukumu kwa kipimo cha mwizi. Hakusema kwamba kwa kuwa ametoa nusu ya mali kwa maskini, wale aliowadhulumu wahesabu wamelipwa.

Sasa nizungumze kuhusu fedha unazotoa mfukoni, na hapa utanisamehe nikiwa mkali kidogo. Wewe ndiwe mtu ambaye kwa macho ya vibarua anashika malipo yao. Unapompa mmoja wao kiasi kidogo huku haki yake ikiwa imezuiliwa, anaondoka akikushukuru, na mtu anayekushukuru huona haya kuuliza ujira wake uko wapi. Bila wewe kukusudia, huruma yako inaweza kuwa kilainishi kinachoifanya mashine ya dhuluma izunguke bila kelele. Huruma ya Msamaria, yule wa mfano wa Yesu aliyemsaidia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani, haikuwa ya namna hiyo. Luka anaeleza huruma yake kwa kitenzi cha Kigiriki kinachotokana na neno la viungo vya ndani vya mwili, ilimshika matumboni. Wanyang'anyi walikuwa wamekwisha kwenda zao, naye akatoa alichoweza kumpa aliyejeruhiwa. Lakini fikiri kama angewakuta bado wanapiga. Je, kumpaka majeruhi mafuta na divai, huku akiwapisha waendelee na kazi yao, kungeitwa ujirani?

Ukitaka kuendelea kusaidia, na ninakushauri uendelee, pitisha msaada huo kanisani kwako. Justin Mfiadini, akieleza ibada ya Wakristo katikati ya karne ya pili, anasema kwamba michango ya siku ya Jumapili ilikabidhiwa kwa kiongozi wa ibada, naye akawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mpokeaji hakuwa na haja ya kumsujudia mtoaji mmoja. Utaratibu huo uliendelea kukua, hata katika karne ya nne Kaisari Julian, ambaye aliuacha Ukristo na kutaka kufufua ibada za miungu ya kale, akalalamika kwa kuhani wake mmoja kwamba Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanalisha maskini wao na wa wapagani pia. Kibarua asiye wa imani yako naye awemo katika msaada huo.

Kuhusu la kufanya kazini, Luka 3 inakusaidia kuliko vitabu vingi vya maadili. Watu walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, alimjibu kila mtu mahali alipo. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia wasimdhulumu mtu, wasishitaki kwa uongo, tena watosheke na mishahara yao. Hakuwaagiza waache kazi zile zilizochukiwa na watu, wala hakuwapa agizo la kuomba zaidi. Aliweka kidole chake mahali ambapo kila kazi ina mwanya wa kumwumiza mwenzako.

Mwanya wa kazi yako ni orodha ya saa. Kati ya mambo mawili uliyoyaeleza, yaani kuchelewesha malipo na kupunguza saa, la kwanza linaamuliwa na wengine, lakini la pili linafanywa na mkono wako. Nabii Amosi aliwashutumu wafanyabiashara waliopunguza kipimo cha nafaka na kuongeza uzito wa jiwe la kupimia fedha. Kwako wewe kalamu ndiyo mizani. Kwa hiyo hapa sioni njia ya katikati: usizipunguze tena saa ambazo mtu amezifanya. Ukiagizwa, jibu kwa adabu kwamba rekodi ya msimamizi inaonyesha saa kadhaa, na kwamba wewe huwezi kuandika tofauti. Anayetaka kuibadilisha aibadilishe kwa jina lake na saini yake. Mara nyingi agizo la namna hiyo hutolewa kwa mdomo kwa sababu hakuna anayetaka lionekane kwenye karatasi, na likidaiwa karatasi hurudi nyuma lenyewe. Si mara zote, najua.

Kuhusu kuchelewesha, una uwezo kuliko unavyodhani, ingawa ni mdogo kuliko unavyotamani. Hakikisha kwanza kwamba hakuna siku hata moja ya ucheleweshaji inayotokana na wewe: orodha iandaliwe mapema, makosa yasahihishwe kabla ya tarehe, jina lililosahaulika lisiambiwe lingoje mwezi ujao. Kisha waeleze vibarua ukweli. Kuwaambia "kesho" huku ukijua ni wiki ijayo ni kuwaibia nafasi ya kujipanga, na pengine uongo huo mdogo huwaumiza kuliko habari mbaya yenyewe. Halafu andika maelezo mafupi kwa mkuu wako, yenye hesabu na si yenye mahubiri: malipo yamechelewa mara ngapi katika mwaka, kwa siku ngapi, wafanyakazi wangapi wameacha kazi, ni kiasi gani kingepaswa kutengwa kila wiki ili ujira usiguswe. Mtaje pia wajibu wa kisheria. Sheria za kazi za nchi nyingi huweka muda wa kulipa ujira, na Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka ujira ulipwe kwa vipindi vinavyojulikana na kwa utaratibu wa kudumu. Kama mna chama cha wafanyakazi, vibarua wana haki ya kujua kwamba kipo. Wala usiyafanye haya peke yako iwapo kuna mwenzako mmoja mwenye dhamiri. Barua yenye saini mbili huwa ngumu kutupwa.

Unaogopa kuipoteza kazi, na siwezi kukuahidi kwamba hutaipoteza. Lakini Biblia haimdharau mwamini anayebaki katika nyumba yenye uovu. Obadia alikuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu wa Israeli, wakati Yezebeli, mke wa mfalme huyo, alipokuwa akiwaua manabii wa Bwana. Aliwaficha manabii mia, hamsini hamsini pangoni, akawalisha chakula na maji. Asingekuwa na cheo kile asingeweza kufanya vile. Naamani naye, jemadari wa mfalme wa Shamu, baada ya kuponywa ukoma, alimweleza nabii Elisha kwamba atalazimika kuinama katika nyumba ya mungu Rimoni pale bwana wake atakapouegemea mkono wake, akaomba asamehewe kwa hilo. Nabii akamwambia aende kwa amani. Ninalipenda jibu hilo kwa sababu halina hotuba. Kuna maombi ya namna hiyo ambayo Mungu huyapokea.

Hata hivyo, mpaka upo, na mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtu mwenye kazi inayofanana na yako. Katika miaka ya 1740, kijana aitwaye John Woolman, wa Jumuiya ya Marafiki, kundi la Kikristo ambalo wengi huwaita watu wake Wakweka, alikuwa karani wa duka huko Mount Holly, New Jersey, wakati huo koloni la Uingereza. Siku moja mwajiri wake alimwagiza ghafla aandike hati ya mauzo ya mwanamke mmoja Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Mnunuzi alikuwa amesimama akingoja, tena alikuwa mtu wa umri mkubwa, mwanachama wa jumuiya yake mwenyewe. Woolman aliandika, lakini akawaambia wote wawili kwamba anaamini kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kikristo. Maneno hayo yalimpunguzia uzito moyoni, lakini hayakumtosha, kwani aliona kwamba alipaswa kuomba aachiliwe asiiandike kabisa. Mtu mwingine alipomjia baadaye na ombi kama lile, alikataa. Kuanzia hapo alitumia miaka mingi akiwatembelea Marafiki wenzake waliokuwa na watumwa, akiwasihi kwa upole, nyumba kwa nyumba. Mwaka 1758 mkutano wa mwaka wa Marafiki wa Philadelphia ulikubali kuwatuma watu kufanya kazi hiyo rasmi, na mwaka 1776, miaka minne baada ya kifo chake, mkutano huo ukawakataza wanachama wake kumiliki watumwa. Ninachokutaka ukione si ukubwa wa matokeo, kwa maana yeye mwenyewe hakuyaona yote. Nataka uone kwamba mara ya kwanza aliandika, na kwamba hakuifanya aibu ya mara ile kuwa sababu ya kuandika tena.

Limebaki jambo moja, ambalo wewe umelitaja katika sentensi ya mwisho kana kwamba limekuponyoka. Mshahara wako ukichelewa, dada anayewasaidia nyumbani naye hungoja. Wakubwa wako nao, nadhani, wana sentensi kama hiyo: kuna mteja aliyechelewa kuwalipa wao, naye ana mteja wake. Kila mmoja humsukumia aliye chini yake, mpaka ucheleweshaji umfikie mtu asiye na wa kumsukumia. Nehemia, liwali wa Yuda, aliposikia kilio cha Wayahudi waliorehani mashamba na watoto wao kwa ndugu zao, alikasirika, akawakemea wakuu na mashehe mbele ya mkutano. Lakini Nehemia 5:10 inaonyesha kwamba alikiri kuwa yeye, ndugu zake na watumishi wake nao walikuwa wakiwakopesha watu, akasema na tuiache riba hii. Alijihesabu miongoni mwao kabla ya kuwadai warudishe.

Kwa hiyo, kabla hujaandika neno lolote kwa mkuu wako, kaa na mwenzi wako mhesabu mnachodaiwa na dada huyo, pamoja na siku alizofanya kazi bila kupumzika ambazo hamkuziandika popote. Mlipeni kwanza, hata kama mwezi huu utawabana, na mwombeni radhi bila kumweleza matatizo yenu. Kisha tengeni mshahara wake wa mwezi ujao mbali na fedha zenu, ili usitegemee tena tarehe ambayo kampuni itakulipa wewe.